Ukuta Ukilowa, Nani Aitwe? Historia ya Unyevu, Chokaa na Saruji Mji Mkongwe

Masika yakianza, kuna mazungumzo yanayorudiwa kwenye nyumba nyingi za pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Rangi ya ukutani imevimba kama andazi, ukiigusa inabanduka. Nyuma ya kabati kumeota weusi. Chini, karibu na sakafu, kuna unga mweupe ambao ukiufagia leo, wiki ijayo umerudi. Baba anasema: tununue mfuko mmoja wa sementi, Jumapili tunamaliza wenyewe. Mama anasema hapana, aitwe fundi. Fundi akija anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatikisa kichwa: "Mama, hapa tunabandua yote, tunapiga lipu upya."

Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, na kwa sababu moja. Hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi.

Swali la "nifanye mwenyewe au niite mtaalamu" tunalichukulia kama swali la hela. Ukilitazama kwa macho ya historia, utaona ni swali la mgawanyo wa kazi: ipi ni ya mwenye nyumba, ipi ni ya fundi. Na kama kuna mahali ambapo mgawanyo huo ulikuwepo, ukavunjika, na matokeo yake yakabaki ukutani kila mtu ayaone, basi ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hebu tuanzie huko, halafu tutarudi kwenye ukuta wako.

Ukuta unaokunywa na kutema maji

Mji Mkongwe una majengo takribani 1,700. Mengi ya yale tunayoyaona leo yalijengwa karne ya 19, mji ulipokuwa makao ya masultani na kituo kikubwa cha biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Kuta zake ni nene, mara nyingi nusu mita au zaidi. Ndani yake mna mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa ardhini, yakashikanishwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dari na sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa kawaida chini kidogo ya mita tatu.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linakunywa maji. Ukichovya ncha ya kanga kwenye beseni, baada ya muda utaona maji yamepanda juu ya usawa wa beseni. Ukuta unafanya hivyohivyo na maji ya ardhini. Ongeza na mvua. Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo unyevu ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Waliojenga nyumba hizi hawakuwa na ndoto ya kuwa na ukuta mkavu kabisa. Walichotaka ni kwamba maji yanayoingia yapate njia ya kutoka.

Njia hiyo ilikuwa chokaa. Kikemia, matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukiyachoma kwenye tanuri mpaka kama nyuzi joto 900 za Selsiasi, yanaachia gesi ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka na kupasukapasuka, na hapo ndipo tunaposema chokaa imezimwa. Ukiipaka ukutani, inaanza kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na taratibu, kwa wiki na miezi, inarudi kuwa kalsiamu kaboneti. Yaani fundi anachukua jiwe, analigeuza uji, kisha analirudisha kuwa jiwe pale anapolitaka.

Lipu inayopatikana ni laini kuliko jiwe lililo nyuma yake, na ina vitundu vinavyoruhusu mvuke upite. Ukuta unalowa masika, unakauka kiangazi. Ndiyo maana watu husema nyumba hizo "zinapumua".

Chumvi, na lipu inayojitoa kafara

Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapopanda ndani ya ukuta hubeba chumvi kutoka ardhini, kwenye mchanga wa pwani na kwenye matumbawe yenyewe, ambayo yote ni watoto wa bahari. Maji yakifika mahali pa kukaukia yanapaa hewani, chumvi inabaki na kuwa fuwele. Fuwele zikikua ndani ya kitundu kidogo zinakisukuma mpaka kinapasuka.

Swali muhimu ni hili: zinakua wapi? Kama lipu inapitisha mvuke, maji yanakaukia kwenye lipu au juu yake, na fuwele zinakula lipu. Baada ya miaka kadhaa lipu inachakaa, inabanduliwa, inapigwa nyingine. Jiwe limepona. Lipu ya chokaa ilikuwa kafara, na kila mtu alijua hivyo.

Hapo ndipo ulipokuja mgawanyo wa kazi. Kupaka chokaa nyembamba ukutani, mara nyingi kabla ya sikukuu, ilikuwa kazi ya nyumbani, haikuhitaji bingwa. Vivyo hivyo kusafisha njia za maji juu ya paa, kuziba ufa kabla mvua haijaugundua, kufungua madirisha, kuhakikisha maji ya kuogea hayatuami chini ya ukuta. Lakini kuchoma na kuzima chokaa, kubadilisha boriti iliyooza, kupiga lipu upya na kutengeneza sakafu zilikuwa kazi za watu wa fani. Chokaa hai inaunguza ngozi na kupofua macho. Na sakafu ya paa ilitakiwa kupondwapondwa kwa mbao siku nyingi hadi ishikane, kazi ya kundi zima la watu ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliielezea ikifanywa kwa nyimbo na mdundo.

Tusiipambe sana picha hii. Wengi waliochimba mawe, waliobeba chokaa na kuponda sakafu walikuwa watumwa. Matanuri yalikula miti mingi, na boriti zilikatwa kwenye mikoko. Wala mfumo wenyewe haukuwa kamili: paa nyingi bapa zilivuja, na kuanzia karne hiyohiyo ya 19 zikaanza kufunikwa kwa mapaa ya mabati. Wenye nyumba walikuwa tayari kupokea kitu kipya kikiwafaa. Kwa hiyo hoja kwamba "wazee walikataa vya kisasa" haina mguu wa kusimamia.

Saruji inaingia, na kila mtu anakuwa fundi

Oktoba 1824, mjenzi wa Leeds, Uingereza, aliyeitwa Joseph Aspdin alipata hataza ya kile alichokiita saruji ya Portland. Ilichukua zaidi ya karne moja kitu hicho kuwa cha kawaida kwetu. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954. Cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kuanzia hapo mfuko wa sementi ukawa kitu cha dukani, kama sukari.

Neno lenyewe lina kichekesho chake. "Saruji" limetoka kwenye Kiajemi, *saruj*, na Oman hadi leo jina hilo hutumika kwa udongo wa ujenzi wa jadi, unaotengenezwa kwa kuchoma udongo wa mfinyanzi na kutumika kwenye ngome na mifereji ya falaji. Sisi tulilibakiza jina, tukalivisha kitu kingine.

Kwanini saruji ilishinda? Sababu ziko wazi. Chokaa inataka kuzimwa, kulowekwa, kusubiriwa, na kunyunyiziwa maji isikauke haraka. Saruji unaichanganya asubuhi, jioni imeshika. Inaonekana imara. Ni ngumu, na sisi binadamu tunaamini kitu kigumu. La muhimu zaidi kwa mada yetu, saruji ilifuta mpaka kati ya mwenye nyumba na fundi. Mtu yeyote mwenye mwiko na ndoo angeweza kuziba ukuta uliolowa, na kwa mwaka mmoja au miwili ukaonekana umepona.

Kwa nyumba ya matofali ya saruji hakuna shida kubwa. Kwa ukuta wa matumbawe, hesabu inabadilika. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na inazuia sehemu kubwa ya mvuke. Maji ya ardhini hayajui kwamba umepiga lipu, yanaendelea kupanda. Yakikosa pa kutokea chini, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Fuwele za chumvi sasa zinakua nyuma ya lipu, na kinachosagika ni chokaa na udongo unaoshikilia mawe. Kwa nje ukuta ni msafi. Ukiugonga unasikia sauti ya debe tupu.

Halafu zinafuata boriti. Ncha zake zimezama ndani ya ukuta. Ukuta ukibaki na maji mwaka mzima, ncha hizo zinapata kuvu, zinalainika, mchwa wanakaribia. Boriti inaweza kuonekana nzima chumbani huku ile sehemu usiyoiona, ambayo ndiyo inayobeba mzigo, imebaki kama sifongo. Hapo ndipo tatizo la rangi kubanduka linapogeuka kuwa suala la sakafu kuanguka na watu walio juu yake.

Nyumba isiyo na mwenyewe

Ukilaumu saruji peke yake utakuwa umesoma nusu ya historia. Nusu nyingine ni ya watu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wamiliki wengi wa nyumba za Mji Mkongwe waliondoka, na serikali ikataifisha nyumba nyingi. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zilipewa vyumba humo. Kwa watu waliokuwa wamebanwa pembezoni mwa mji huo, hii ilikuwa haki waliyoisubiri muda mrefu. Lakini nyumba iliyojengwa kwa familia moja ilibeba sasa familia nne au tano. Majiko na vyoo viliongezwa ghorofani, mabomba yakapitishwa kwenye kuta ambazo hazikutarajia mabomba. Kodi ilikuwa ndogo mno kugharamia ukarabati.

Hapo swali la "nani afanye" likapata jibu baya kuliko yote: hakuna. Mpangaji wa chini alilowa kwa bomba la mpangaji wa juu. Mpangaji wa juu alisema nyumba ni ya serikali. Paa ni la wote, maana yake si la mtu. Zile kazi ndogondogo za mwenye nyumba, kuzibua njia ya maji, kuziba ufa, kupaka chokaa, ndizo zilizokufa kwanza. Na kazi ndogo zikifa, hata bingwa hawezi kuiokoa nyumba.

Upande wa mafundi nao ulikatika. Kijana aliyejifunza ujenzi miaka ya 1970 alijifunza saruji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na soko. Ujuzi wa chokaa ulibaki kwa wazee wachache.

Wataalamu wanarudi

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulikarabati ile zahanati ya zamani pale Mizingani, jengo la roshani za mbao lililogharamiwa na tajiri Tharia Topan. Jiwe la msingi liliwekwa 1887 na jengo likakamilika 1894. Kazi ile ilikuwa pia darasa. Mafundi wa hapahapa walirudishwa kwenye chokaa, lipu laini na useremala wa nakshi. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ungedhani hapo hadithi inaisha vizuri. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walifariki. Jengo lilikuwa limefungwa kwa wageni miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu, na siku lilipoanguka ukarabati uliofadhiliwa na Oman ulikuwa unaendelea. Wataalamu walikuwepo.

Kwangu hili ndilo somo gumu kuliko yote katika mada hii. Tunapenda kuamini kwamba tukimwita mtaalamu tumemaliza. Kumbe mtaalamu anarithi miaka yote ambayo hakuna aliyepanda juu ya paa. Utunzaji mdogo wa kila mwaka na utaalamu mkubwa wa mara mojamoja haviwezi kuchukua nafasi ya kila kimoja. Kila kimoja kinamtegemea mwenzake.

Sasa turudi kwenye ukuta wako

Huenda huishi Mji Mkongwe. Huenda nyumba yako ni ya tofali za saruji Mbagala, Kisauni au Mwanza. Kanuni ni ileile: kwanza jua maji yanatoka wapi. Na sehemu hii ya uchunguzi unaweza kuifanya mwenyewe, tena vizuri kuliko fundi, kwa sababu wewe ndiye unayeishi na ukuta huo kiangazi na masika.

Maji huja kwa njia nne hivi. Yanashuka: paa linavuja, na doa liko juu au linakua mvua ikinyesha. Yanapanda: unyevu uko chini, mara nyingi haupiti mita moja na nusu, una mstari kama wa wimbi na unga wa chumvi. Yanatoka pembeni: bomba au choo cha upande wa pili, na doa halijali msimu. Au yanatoka kwako mwenyewe: mvuke wa kupikia, kuoga na kupumua unaganda kwenye ukuta wa baridi, na kuvu weusi wanaota kwenye kona na nyuma ya makabati.

Kuna jaribio rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa gundi ya karatasi, uache siku moja au mbili. Maji yakijikusanya juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani. Yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani.

Mambo haya fanya mwenyewe, na usimlipe mtu kukuambia: fungua madirisha, sogeza makabati yaachane na ukuta, zibua mifereji ya paa, elekeza maji ya mvua mbali na msingi, shusha udongo au kifusi kilichorundikwa ukutani kwa nje, futa kuvu ukiwa umefunika pua na mdomo. Chumvi iswaki ikiwa kavu na uitupe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Usipuuze kuvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, ukieleza uhusiano wake na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Mtoto anayekohoa kila masika huenda anakohoa kwa sababu ya ukuta.

Ita mtaalamu pale ukuta wa mawe unapolia kama debe tupu, boriti inapozama ukiichoma kwa bisibisi, ufa unapopanuka, bomba lililo ndani ya ukuta linapovuja, au unyevu unapoendelea kupanda hata baada ya kuondoa maji yote ya nje. Katika nyumba ya tofali, hii ya mwisho mara nyingi ina maana kwamba ile nailoni au kizuizi cha unyevu juu ya msingi haikuwekwa au imetoboka. Na kama nyumba ni ya matumbawe, tafuta fundi anayejua chokaa. Sementi kwenye ukuta huo usiiguse, wewe wala yeye.

Ila mtaalamu naye aulizwe maswali. Anayelipwa kwa kupiga lipu ataona lipu kila mahali. Akija na kile kifaa cha kupima unyevu chenye pini mbili, fahamu kwamba vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Vinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi nayo hupitisha umeme. Ukuta wenye chumvi unaweza kusomeka umelowa chepechepe hata kama si hivyo. Muulize swali moja tu: "Fundi, maji yanatoka wapi?" Akikujibu kwa bei kabla ya kukuonyesha chanzo, mshukuru, mpe chai, endelea kutafuta.

Na kama nyumba ni ya kupanga, kazi ya kwanza ni kukubaliana na wenzako na mwenye nyumba kwamba paa ni la nani. Andikeni. Mji Mkongwe ulikuwa na chokaa, ukapata saruji, ukapata hata wataalamu wa kimataifa. Nyumba zake nyingi zilibomoka kwa kukosa mtu mmoja wa kupanda juu kabla ya mvua na kuzibua mfereji.